Wiki 12 za kuzoea kukanyaga tena: tathmini ya kliniki moja ya fiziotherapia Dar es Salaam

Kliniki ninayoieleza hapa iko Dar es Salaam, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya umeme. Jengo halina lifti, kwa hiyo mtu aliyevunjika mguu hana budi kupanda ngazi 19 ili akatibiwe mguu. Naanza na ngazi kwa sababu ndizo zilizonipokea: siku ya kwanza, nikiwa na magongo mawili na mume wangu akinishika kiunoni, nilikaa kwenye ngazi ya sita nikataka turudi nyumbani. Sitaitaja kliniki yenyewe kwa jina. Ninayo malalamiko kadhaa ambayo sikuwahi kuyafikisha kwa wenyewe, na si uungwana kumshtaki mtu barazani kabla hajaulizwa nyumbani kwake. Nitaeleza huduma niliyoipata kwa wiki 12, gharama zake, yaliyonifaa na yaliyoniudhi, ili anayetafuta fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, baada ya ajali ajue la kuuliza kabla hajatoa fedha.

Nilivunjika mguu Februari mwaka jana nikiwa abiria wa bodaboda, nikitoka shuleni ninakofundisha. Gari dogo lilichomoka kwenye barabara ya mtaa bila dereva kutazama, pikipiki ikalalia upande wa kushoto, nami nikawa chini yake. Muundi, yaani ule mfupa mkubwa wa mguu chini ya goti, ulikatika katikati. Siku ya tatu nilifanyiwa upasuaji: chuma kirefu kiliingizwa ndani ya uwazi wa mfupa kupitia mbele ya goti, chini kidogo ya kile kifupa cha pia ya goti, kikafungwa kwa skrubu juu na chini ya mahali palipokatika. Uzuri wa chuma cha namna hii ni kwamba kwa kawaida mgonjwa hafungwi hogo, kwa hiyo goti na kifundo cha mguu vinaweza kuanza kukunjwa mapema wakati mfupa ungali unajiunga. Daktari aliniambia hivyo siku ya kuruhusiwa, kwa sentensi moja, huku watu wamejaa mlangoni kwake: "Mama, usiache kukunja goti."

Sikulikunja. Nilipokelewa nyumbani kama mzazi aliyetoka kujifungua. Mama mkwe alihamia kwetu kutoka Tanga, wifi yangu akashika jiko, mito ikapangwa chini ya mguu, na kila nilipojaribu kujiinua, sauti ilitoka sebuleni: "Tulia, mwanangu, mfupa haujashika." Nikatulia wiki tisa. Walikuwa wakinipenda kwa namna waijuayo, nami, niseme kweli, nilifurahi kupewa sababu ya kutojongea, kwa kuwa kila nilipofikiria kuukanyagia ule mguu nilisikia tena mlio wa chuma kikiburuzika juu ya lami. Mto chini ya goti ulikuwa starehe kubwa, na baadaye nilikuja kuambiwa kuwa huo ndio ulionifanya nishindwe kulinyoosha goti hadi mwisho, maana kiungo kikikaa siku nyingi katika hali moja, nyama na kano zinazokizunguka hufupika zikaifuata hali hiyo. Paja la kushoto lilikuwa limenywea hata suruali ikawa inapwaya upande mmoja. Eksirei ya wiki ya tisa ilionyesha mfupa mpya umeanza kuuzunguka ufa, daktari akaniruhusu kukanyaga kwa uzito wote, nami nilikuwa bado siwezi kusimama bila magongo. Mfupa ulikuwa umenitangulia kupona.

Tathmini ya siku ya kwanza katika kliniki hii ilichukua saa moja na dakika kumi, na ndiyo iliyonifanya nirudi. Aliyenipokea ni dada wa miaka thelathini na kitu, aliyesomea katika hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, ambako wataalamu wengi wa fani hii nchini wamefundishwa. Nilimwita dokta, akanisahihisha kwa upole kuwa yeye ni mtaalamu wa fiziotherapia, naye akaniita Mwalimu tangu dakika ile hadi siku ya mwisho. Alipima goti kwa kipimapembe cha plastiki, kinachofanana na kile cha wanafunzi wangu ila chenye mikono miwili mirefu: lilikunjika hadi nyuzi 52, na lilipungukiwa nyuzi 10 kunyooka. Akanikalisha kitini, akaniambia niinuke, nitembee mita 3, nigeuke, nirudi, nikae, huku ameshika saa. Nilitumia sekunde 34, wakati mtu mzima asiye na tatizo hulimaliza zoezi hilo chini ya sekunde 10. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza tangu Februari: "Mwalimu, choo mnachotumia ni cha kukaa au cha kuchuchumaa?"

Swali hilo lina hesabu ndani yake. Kutembea kwenye sakafu tambarare kunataka goti likunjike nyuzi 60 hadi 70 hivi, kupanda na kushuka ngazi kunataka karibu 90, na kuchuchumaa au kukaa tahiyatu kunataka lipite 130. Nashuku kwamba malengo ya mazoezi mengi yaliwekwa na watu wanaoishi juu ya viti, ambao mgonjwa wao akifika nyuzi 110 huagwa kwa heshima. Kwetu sisi, mtu wa nyuzi 110 hukaa msibani kwenye kiti cha plastiki akiwa peke yake juu ya vichwa vya wenzake, na hupanda daladala kwa kutanguliza mguu uleule kila mara huku konda akimhimiza. Nilimjibu kwamba choo cha nyumbani ni cha kukaa, cha shuleni ni cha kuchuchumaa, na kwamba naswali. Akayaandika yote kwenye faili, chini ya neno "malengo", na hakuandika nyuzi pembeni yake.

Baada ya hapo alitoa karatasi yenye sentensi 17, akanisomea kwa Kiswahili moja baada ya nyingine, nami nikatoa alama 1 hadi 4 kwa kadiri ninavyokubali au kukataa: kwamba naogopa kuumia nikifanya mazoezi, kwamba maumivu ni ishara ya kitu kinachoharibika mwilini, na nyingine za aina hiyo. Dodoso hili linaitwa kwa jina la mji wa Tampa, Marekani, na linapima hofu ya kujongea, hali ambayo wataalamu waliipa jina lake mwaka 1990. Jumla ya chini kabisa ni 17, ya juu kabisa ni 68, na inayozidi 37 huhesabiwa kuwa hofu kubwa. Yangu ilifika 53. Alinionyesha namba hiyo kama alivyonionyesha zile nyuzi za goti, pasipo kunihurumia wala kunikemea, akasema kuwa moja tutaipandisha na nyingine tutaishusha, na kwamba kwa mtu kama mimi hazitakwenda mbali moja ikiiacha nyingine.

Kikao cha pili niliiona hofu hiyo kwa macho, ikisomeka kwa kilo. Aliweka sakafuni mizani mbili za mshale, zile za kupimia uzito nyumbani, akanisimamisha katikati ya mabomba mawili ya kushikia, kila mguu juu ya mizani yake. Nina kilo 68. Mizani ya kulia ilipita 50, ya kushoto ikasoma 8, na kilichobaki kilikuwa mikononi. Ningeweza kula kiapo kwamba nimekanyaga kwa nguvu zangu zote. Hakubishana nami. Alivuta kigoda akakaa usawa wa magoti yangu, akaniambia niuache mguu, niutazame mshale tu, niutoe 8 niufikishe 10. Nikaufikisha. Tukarudi 8, tukaenda 12, tukarudi tena. Ilichukua dakika kumi na tano kufika 20, na jasho lilinitoka kama niliyebeba gunia la mkaa. Mshale wa mizani haukuwa na mabishano: haukuniambia nijitahidi, haukuniambia nitulie. Nilimtuma mwanangu akaazime mizani kwa jirani, nayo ikakaa karibu na kitanda changu mwezi mzima, hata jirani akaanza kuulizia.

Pale nilipohitaji kujua sababu, alinieleza, na maelezo yalinifaa kuliko kutiwa moyo. Mfupa hujijenga kwa kuufuata mzigo unaowekewa. Jambo hili liliandikwa na daktari Mjerumani Julius Wolff mwaka 1892, na madaktari wa mifupa wangali wakilifanyia kazi. Mfupa usiobebeshwa kitu hupungua. Utulivu niliodhani unaulinda mguu ulikuwa ukiunyima chakula, ingawa aliniwekea pia mpaka: maumivu yanayoongezeka wakati wa zoezi kisha yakarudi kawaida kufikia asubuhi si ya kuogopwa, lakini yanayolala nami na kuamka nami, au yanayoambatana na uvimbe mpya, yanamaanisha tumezidisha. Kanuni hiyo moja ilinitoa kwenye kubahatisha.

Mazoezi yenyewe hayana maajabu, na anayekwenda akitarajia mitambo atashangaa. Nilikunja khanga kama kata ya kubebea ndoo, nikaiweka chini ya goti, nikawa naibana kwa kukaza msuli wa paja kwa sekunde tano, mara kumi, mara tatu kwa siku. Niliburuta kisigino sakafuni kukielekeza nyongani, mguu ukiwa umevishwa soksi ili uteleze. Nilisimama kwa vidole nikishika sinki. Baadaye ikaja ngazi moja ya mbao, kisha mbili, kisha zile 19 za kliniki yenyewe, ambazo kufikia wiki ya saba zilikuwa zimegeuka kuwa kifaa cha mazoezi kisicholipiwa.

Kilichoitofautisha kliniki hii na vitengo vingine nilivyowahi kuvisikia ni kikao cha Jumamosi asubuhi. Magodoro ya mazoezi husogezwa ukutani, watu wanane hadi kumi waliovunjika hiki na kile hukutana chumba kikubwa, na kwa saa moja na nusu hawatibiwi kiungo kimoja kimoja. Nusu saa ya kwanza tulilala chali na kufanya vijongeo vidogo mno, kwa mfano kuuzungusha mguu nyongani polepole huku tukisikiliza ni wapi mgongoni pananyanyuka, kwa namna inayofuata mafundisho ya Moshe Feldenkrais, mwanafizikia na mwalimu wa judo aliyeishi kati ya 1904 na 1984 na ambaye aliianza kazi hiyo kwa kuchunguza goti lake mwenyewe lililoumia. Binafsi nililala usingizi Jumamosi mbili za kwanza. Sehemu ya pili ndiyo iliyonigusa. Tulisimama duara, spika ikafunguliwa muziki wa mduara wa Unguja, na kila mmoja akatakiwa kuleta kijongeo kimoja cha kazi yake ili wengine wakiige. Mtaalamu alinieleza kuwa kucheza duara na kuigana kijongeo kuliingizwa hospitalini na mcheza dansi Mmarekani, Marian Chace, alipoanza kufanya kazi na wagonjwa katika hospitali ya St. Elizabeths, Washington, mwaka 1942. Nilimjibu kwamba bibi zangu wa Pangani wangeshangaa kusikia jambo hilo lilihitaji kuingizwa mahali, akacheka.

Mzee mmoja fundi seremala, aliyeanguka kutoka darini akavunjika bega, alipiga randa. Tulipiga randa sote, kumi kwa pamoja, naye mkono ukimfikisha nusu tu ya urefu wa ubao usiokuwepo. Ilipofika zamu yangu sikuwa nimefikiria kitu, nikanyoosha mkono kufuta ubao. Watu wakafuta. Mzee akasema, "Mwalimu, juu kule bado," kwa sauti ya mwanafunzi mtundu, nami nikajiinua kwa ncha za vidole kuifikia ile pembe ya juu ambayo huwa inanishinda kila siku darasani, nikaifuta, nikarudi chini. Hapo ndipo nilipotambua kuwa nimesimama kwa vidole vya miguu yote miwili, bila sinki, bila bomba, bila kuukumbuka ule mguu. Nililia mbele za watu nisiowajua, na muziki haukuzimwa. Mtaalamu aliendelea kufuta ubao, wengine nao wakaendelea, mpaka nilipoweza kurudi kwenye duara, na namshukuru zaidi kwa kutonikumbatia kuliko ambavyo ningemshukuru kwa kunikumbatia.

Jumamosi hiyohiyo ilikuwa na upande wake mwingine. Alikuwepo kijana dereva wa bodaboda, aliyevunjika paja, na zamu yake ilipofika alishika usukani wa hewani, akazungusha mkono wa mafuta, na kwa mdomo wake akatoa sauti ya injini kwa ustadi wa miaka. Viganja vyangu vilipoa. Nilijikuta dirishani, nikihema, nikimchukia kijana ambaye hakuwa amenifanya lolote. Tangu ajali nilikuwa nikishtuka kila pikipiki inapopita, naamka usiku, na kuvuka barabara nilikuwa nimekuacha kabisa. Nilidhani hayo si ya kupelekwa kwa mtu wa viungo. Mtaalamu alikuja dirishani, akaniuliza nyayo zinasikia nini chini yake, vigae au godoro, baridi au joto, na akanitaka nimjibu. Kisha akaniuliza kama ningependa tulifanyie kazi jambo hilo kama tulivyofanya kwenye mizani, kilo mbili kwa wakati mmoja.

Na ndivyo tulivyofanya, dakika kumi za mwisho za kila kikao. Dirisha la kliniki linatazama kijiwe cha bodaboda, kwa hiyo tulianza kwa kusimama hapo na kuhesabu zinazopita, nikitaja kila mara hofu yangu ni ngapi kati ya kumi. Tulishuka hadi mlangoni, tukafika ukingoni mwa barabara. Wiki ya tisa yule kijana alileta pikipiki ya mwenzake uani, injini imezimwa, stendi ya katikati imeshushwa. "Mwalimu, funguo hii hapa, shika wewe," akanipa. Niliikalia kwa dakika tatu nikiwa nimeikamata ile funguo hata meno yake yakaacha alama kiganjani, na kukalia kiti kile kulihitaji kuupitisha mguu wa kushoto juu, goti limekunjwa kupita nyuzi 100, jambo ambalo kwenye godoro la mazoezi nililitekeleza kwa kuugulia. Sijapanda bodaboda hadi leo. Hakuna aliyenidai nipande. Nilichokuwa nimekiandikisha ni kuvuka barabara mbele ya shule, na ninaivuka.

Sasa malalamiko. Wiki ya tano na ya sita mtaalamu wangu alikuwa likizo, nami nikakabidhiwa kijana mwingine ambaye huenda amesoma vizuri tu, lakini alidhani hofu ni uvivu. Alinilaza kifudifudi, akalisukuma goti kwa uzito wa kifua chake, na nilipopiga kelele akasema, "Mwalimu mzima unaogopa?" Goti lilivimba jioni ile, nikapoteza siku nne za mazoezi, na alama za dodoso lililorudiwa baadaye zilikuwa zimepanda badala ya kushuka. Nilimweleza mtaalamu wangu aliporudi, akasikitika, lakini sikusikia kwamba kuna aliyezungumza na kijana yule. Kliniki inayojitangaza kuwa inatibu mwili na moyo kwa pamoja haiwezi kuuacha moyo uende likizo na mfanyakazi mmoja.

Faragha nayo ni hafifu. Pazia linalotenganisha vitanda halifiki ukutani, na mazoezi ya paja na nyonga hayafanyiki ukiwa umevaa buibui. Hakuna aliyenieleza mapema nije na suruali pana. Nilijifunza kwa aibu. Mwanamke anayetaka kuhudumiwa na mwanamke anatakiwa kusema wakati wa kupiga simu, maana asiposema atapangiwa yeyote aliyepo. Muda wa miadi ni wa kukisia, nami nimewahi kungoja dakika hamsini. Na ipo mashine ya shoti, kama wagonjwa wanavyoiita, yenye vibandiko vinavyopitisha umeme mdogo kwenye ngozi, ambayo hutozwa shilingi 10,000 za ziada. Inapunguza maumivu kwa muda kwa baadhi ya watu, na siikatai kwa hao, lakini hailikunji goti wala haiongezi msuli, na mimi niliwekewa mara tatu kabla sijauliza ninailipia nini. Nilipouliza, ikaondolewa siku hiyohiyo, jambo linalonifanya niamini kuwa haikuwa ya lazima.

Nikiwa hapo kwenye vinavyopendeza bila kukunja goti, niseme neno juu ya kuchuliwa. Shangazi yangu alimleta mkandaji na chupa ya mafuta ya mbuni wiki ya nne, akanichua mguu mzima kwa mikono mizuri kweli, nikalala fofofo. Sina ugomvi na mkandaji. Lakini mahali palipovunjika na hapajashika si mahali pa kukandamizwa, na kiungo kilichokakamaa hakilainiki kwa kulazimishwa; kiwiko kilichoumia, kwa mfano, kikichuliwa na kuvutwa kwa nguvu kinaweza kuota mfupa ndani ya nyama, na hapo mtu huwa amenunua tatizo la pili.

Upande wa usalama kliniki hii naiamini, kwa sababu ya jambo nililolishuhudia. Mama mmoja alifika kwa kikao chake akiwa na shavu la mguu lililovimba, lina joto, linauma likiguswa. Mtaalamu hakumgusa tena baada ya kuliona. Aliandika barua, akamwita mwanawe kwenye simu, akamwagiza hospitali saa ileile kwa kuwa dalili hizo zinaweza kuwa za damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kipande chake kikihama kikaenda mapafuni kinaua. Hakumtoza. Mtu anayejua wakati wa kutofanya mazoezi ndiye ninayependa anifanyishe mazoezi.

Gharama nilizolipa ni hizi: tathmini ya kwanza shilingi 40,000, vikao 24 vya Jumanne na Alhamisi kwa 25,000 kila kimoja, yaani 600,000, Jumamosi 11 kwa 10,000, yaani 110,000, nikikosa moja kwa sababu ya msiba, na ile mashine, 30,000. Jumla ni 780,000, bila nauli za bajaji ambazo kwa safari 36 ziliniramba 288,000 nyingine. Walikuwa hawapokei bima yangu, na risiti ilibidi kuidai kila mara. Kwa mshahara wa mwalimu hizo si fedha ndogo, na hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando zina vitengo vya fiziotherapia ambavyo asiyemudu bei hizi anaweza kuanzia huko. Ningelazimika kubana, ningebaki na kikao kimoja kwa wiki pamoja na Jumamosi, na mengine ningeyafanya nyumbani kwa khanga na mizani ya jirani, kwa kuwa sehemu kubwa ya nilichokilipia ilikuwa kufundishwa cha kufanya wakati mtaalamu hayupo.

Vipimo vya wiki ya 12: goti linakunjika nyuzi 128 na linanyooka lote, kuinuka, kutembea na kurudi kitini ni sekunde 9, dodoso la hofu limeshuka hadi 31. Choo cha shule nakitumia, nikishika ukuta wakati wa kuinuka. Daladala napanda kwa mguu wowote unaotangulia. Kusujudu ndiko kulikobaki na dosari: nikipiga magoti, mbele ya goti la kushoto panachoma kama nimepigia juu ya punje ya mchele, na tahiyatu nakaa kwa kuegemea upande wa kulia. Mtaalamu aliniambia wazi tangu mwezi wa kwanza kwamba kwa waliopitishiwa chuma mbele ya goti maumivu ya kupiga magoti ni ya kawaida, na huenda yasiishe yote. Nilikasirika siku ile. Leo naliweka jambo hilo upande wa sifa zake, nami nimeshona mto mwembamba wa pamba unaokaa ndani ya mkeka wangu wa kuswalia.

Nilikwenda mara ya mwisho mwezi uliopita kuchukua faili. Nilipanda ngazi bila kushika ukuta, na kwenye ngazi ya sita nilimkuta mama mtu mzima amekaa, magongo kayalaza pembeni, bintiye amesimama juu yake hajui amshike wapi. Nilimwamkia, nikapita kwenda kuwaambia walio juu. Walikuja wawili na kiti cha plastiki, wakambeba nacho, na mapokezi wakaniambia kuwa mwenye jengo ameshaelezwa mara nyingi kuhusu zile ngazi.